Je, Wajua? Stika ya Gari Ikiisha Muda

Je, wajua kwamba huko Florida, Marekani, usajili wa gari la mtu binafsi huisha saa sita usiku, siku ya kuzaliwa ya mwenye gari? Watoto wanakuletea keki, serikali inakuletea bili. Sheria hiyo haikukosa utu kabisa, maana askari haruhusiwi kukuandikia tikiti ya kosa hilo mpaka mwezi wako wa kuzaliwa uishe. Aliyezaliwa tarehe 2 Machi ana karibu mwezi mzima wa kujikusanya. Aliyezaliwa tarehe 31, imekula kwake.

Msomaji wa Tabora au Malindi atauliza: usajili unaishaje? Kwetu kadi ya gari ukishaipata umeipata, kinachoisha ni bima. Katika sehemu kubwa ya Marekani gari husajiliwa upya kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, na ushahidi wake ni stika ndogo ya rangi kwenye kona ya namba ya nyuma, yenye mwezi na mwaka. Texas na New York hubandika yao kwenye kioo cha mbele. Stika ikipitwa na tarehe, kosa linasomeka barabarani kabla hujafungua mdomo.

Je, wajua kwamba Tanzania nayo ilikuwa na ada ya jamaa hiyo? Iliitwa ada ya mwaka ya leseni ya magari, na waliokuwa na gari juu ya mawe nyuma ya nyumba wanaikumbuka vizuri, kwa kuwa deni lilikua hata kwa gari lisilotembea. Juni 2017 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, aliifuta katika bajeti ya 2017/18, na badala yake ushuru wa mafuta ukapanda kwa shilingi 40 kwa lita. Tangu hapo anayeendesha zaidi hulipa zaidi, na anayelaza gari halipi kitu. Sijasikia hata mmoja akiililia ile ya zamani.

Kenya ilikaribia kuipata kodi ya namna hiyo mwaka 2024. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isiyopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000, ikikusanywa na kampuni za bima. Iliondolewa katikati ya Juni, siku chache kabla muswada wote haujaanguka kwa maandamano ya vijana.

Na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kusajili gari kila mwaka, ukiondoa mapambo yote, ni kodi. Kosa la stika iliyopitwa na wakati ni deni la kodi. Lakini huko Marekani deni hilo hudaiwa barabarani, na mdai ana bastola kiunoni. Mengi yanayofuata yametokana na mpangilio huo.

Je, wajua namba za gari zilianza wapi? Paris, kwa amri ya polisi ya Agosti 1893. New York ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kudai usajili, mwaka 1901, kwa ada ya dola 1. Serikali haikutoa kibao. Mwenye gari alijitengenezea chake, akaandika herufi za kwanza za jina lake. Majina yanafanana, magari yakaongezeka, na haikuchukua muda herufi zikazipisha tarakimu.

Je, wajua kwamba wapo Wamarekani wanaoamini sheria ya usajili haiwahusu? Hoja yao hutolewa kwa sauti ya juu dirishani: "Mimi siendeshi, mimi nasafiri, na kusafiri ni haki ya kila mtu." Video zao ni nyingi na mwisho wake ni mmoja. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwishalimaliza suala hilo mwaka 1915, katika kesi ya Hendrick dhidi ya Maryland. Julai 1910 bwana Hendrick alitoka ofisini kwake Washington akiendesha gari lake, akavuka kuingia Maryland, akakamatwa kwa kukosa cheti cha usajili cha jimbo hilo. Faini: dola 15. Alipigania dola hizo 15 hadi mahakama ya juu kabisa nchini, na akashindwa. Majimbo, walisema majaji, yana haki ya kudai usajili na ada yake, hata kwa mgeni anayepita.

Sasa faini zenyewe. Texas humpa mtu siku tano za kazi baada ya tarehe kupita. Zikiisha ni kosa, na faini yake haizidi dola 200. Ukihuisha usajili ndani ya siku 20 za kazi, au kabla ya siku yako ya kwanza mahakamani, na ukalipa ada ya kuchelewa, hakimu anaweza kuifuta kesi yote na kukutoza gharama isiyozidi dola 20. Wapo wasiolijua hili. Hulipa faini nzima kwa njia ya posta kwa kuogopa neno "mahakama".

Florida huhesabu kwa miezi. Chini ya miezi sita ni kosa dogo lisilo la jinai. Ikipita miezi sita, mara ya kwanza bado si jinai. Mara ya pili ni jinai: kifungo cha hadi siku 60 au faini ya hadi dola 500. Karatasi ni ileile, dereva ni yuleyule.

California hupenda gari zaidi ya dereva. Usajili ukishapitwa kwa zaidi ya miezi sita, askari anaruhusiwa kuliondoa gari barabarani na kulipeleka yadi, hata likiwa limeegeshwa kimya mbele ya nyumba yako. Kulitoa ni safari ya vituo kadhaa: uhuishe usajili pamoja na ada zote za kuchelewa, ulipe gharama ya kuvutwa, ulipe gharama ya yadi ambayo huhesabiwa kwa siku. Anayekosa fedha ya usajili ndiye huyo huyo anayetakiwa kutoa fedha ya yadi, na kila siku anayoitafuta, deni linaongezeka. Mwenye yadi asipolipwa, sheria humruhusu hatimaye kuliuza gari kufidia gharama zake. Kwa gari kuukuu, mara nyingi hesabu haitoki: deni linalipita gari lenyewe.

Je, wajua kwamba gari lisilotembea nalo hudaiwa California mpaka litolewe taarifa? Mwenye gari anayetaka kulilaza hulipa ada ndogo na kutangaza kwamba halitatumika. Baada ya hapo haliruhusiwi kuendeshwa, kukokotwa wala hata kuegeshwa kwenye barabara ya umma. Liwe uani au gereji.

Haya yote ni fedha tu. Kosa la stika hutajwa sana mahakamani kwa sababu nyingine: humpa askari haki ya kukusimamisha.

Hadi mwaka 1979 askari wa sehemu nyingi walisimamisha gari lolote kwa kisingizio cha kutazama leseni na usajili. Katika kesi ya Delaware dhidi ya Prouse, askari alisimamisha gari lisilo na kosa lolote lililoonekana, akakuta bangi sakafuni. Mahakama ya Juu ikasema hapana: kukagua usajili si sababu tosha ya kumsimamisha mtu mmoja mmoja kwa utashi wa askari, lazima awe na shaka yenye msingi. Ushindi mzuri kwa madereva. Isipokuwa, bila shaka, yule ambaye stika yake imepitwa, kwani msingi wa shaka ameubandika mwenyewe nyuma ya gari.

Je, wajua kwamba amri ya "shuka kwenye gari", ambayo askari wa Marekani anaweza kuitoa katika usimamishaji wowote halali, ilihalalishwa na kesi ya namba iliyoisha muda? Philadelphia, miaka ya sabini. Askari wawili waliona gari lenye namba iliyopitwa na wakati, wakalisimamisha ili kuandika tikiti. Mmoja akamwamuru dereva, Harry Mimms, ashuke. Hakuwa amemshuku kwa lolote. Ilikuwa desturi yake tu kumshusha kila dereva. Mimms aliposhuka, askari akaona uvimbe chini ya koti, akampapasa, akatoa bastola yenye risasi tano. Mahakama ya Juu ya jimbo la Pennsylvania ilisema amri ile ya kushuka haikuwa halali, hivyo bastola isitumike kama ushahidi. Desemba 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani ikapindua, kwa kura sita dhidi ya tatu: dereva amekwisha kusimamishwa kihalali, kumtaka atoke nje ni usumbufu mdogo ukilinganisha na usalama wa askari. Ilipofika siku hiyo Mimms alikuwa ameshamaliza kifungo chake. Sheria aliyoiacha nyuma inatumika hadi leo, kila siku, kwa watu wasio na bastola wala uvimbe.

Kuna kesi nyingine ninayoipenda zaidi kwa sababu gari lenyewe halikuwa na kosa. Novemba 2001, mji wa Yuba City, California. Askari wanaona Buick iliyoegeshwa, stika yake imeisha. Wanauliza kituoni, wanaambiwa maombi ya kuhuisha yanashughulikiwa. Baadaye wanaikuta ikiwa barabarani. Kwenye dirisha kuna kibali cha muda chenye namba 11, yaani halali hadi mwisho wa mwezi wa kumi na moja, na huo ndio mwezi waliokuwamo. Kila kitu sawa. Wanaisimamisha hivyo hivyo, eti kuhakikisha kibali ni cha gari hilo. Ndani, kiti cha abiria, yupo Bruce Brendlin, aliyekuwa akitafutwa kwa kukiuka masharti ya kuachiliwa kwake, na ndani ya gari vikapatikana vifaa vya kutengenezea dawa za kulevya.

Serikali ilikiri kwamba hapakuwa na sababu ya kuisimamisha Buick. Ila ikadai kwamba aliyesimamishwa ni dereva, na abiria hana la kulalamikia, angeweza kushuka aende zake. Juni 2007 majaji wote tisa walikataa. Hakuna abiria mwenye akili timamu, alieleza Jaji Souter, atakayedhani kwamba gari likisimamishwa na polisi yeye yuko huru kufungua mlango na kuondoka. Tangu hapo abiria naye anaweza kupinga uhalali wa usimamishaji. Tunaojua daladala na matatu tungewaambia majaji hao hilo bure.

Kesi nyingine za Mahakama ya Juu, kwa haraka. Whren, 1996: askari akiwa na kosa halisi la barabarani mkononi, haijalishi kwamba sababu iliyo moyoni mwake ni nyingine. Kama ana hamu ya kujua kilichomo garini, stika inamtosha. Johnson, 2009, Tucson: gari lilisimamishwa kwa sababu kompyuta ilionyesha usajili umezuiwa kwa suala la bima, na majaji wakaruhusu abiria kupapaswa pale askari anaposhuku ana silaha na ni hatari. Rodriguez, 2015: hapa askari waliwekewa mpaka. Kazi ya kusimamisha gari ni kuangalia leseni, usajili, bima, kuandika tikiti, basi. Hawaruhusiwi kukuweka hapo wakingoja mbwa wa kunusa dawa aletwe, wakati kazi imekwisha.

Je, wajua kwamba mtu anaweza kufungwa pingu kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake? Mwaka 1997, Lago Vista, Texas, mama mmoja alikamatwa na kupelekwa kituoni, watoto wake wawili wadogo wakiwamo garini, kwa kutofunga mikanda. Faini ya juu kabisa ya kosa hilo ilikuwa dola 50. Katika kesi ya mama huyo, Atwater, mwaka 2001 Mahakama ya Juu iliruhusu ukamataji huo, kura tano kwa nne. Katika sheria za Texas, dereva wa mwendo kasi aliye tayari kusaini tikiti ni lazima aachiliwe. Stika iliyoisha haimo katika orodha hiyo fupi ya makosa yenye ahueni. Kwa hiyo, kisheria, anayekimbia kupita kiasi analindwa kuliko aliyesahau kulipa ada. Askari wengi huandika tikiti na kuondoka. Uamuzi, hata hivyo, ni wao.

Tikiti yenyewe ukiipuuza, inazaa. Usipofika mahakamani siku uliyoandikiwa, hakimu hutoa hati ya kukamatwa, na hati hiyo hukaa kwenye kompyuta ikikusubiri usimamishwe tena. Wizara ya Sheria ya Marekani ilipoichunguza Ferguson, Missouri, mji wa watu wapatao 21,000, ilikuta kwamba mahakama ya mji huo ilitoa hati zaidi ya 9,000 katika mwaka wa fedha wa 2013 peke yake, nyingi zikitokana na makosa madogo kama ya maegesho na tikiti za barabarani. Ripoti ilitoka Machi 2015 na ilieleza waziwazi kwamba polisi na mahakama walitumika kuingiza mapato.

Je, masikini aliyeshindwa kulipa anaweza kufungwa? Jibu la kisheria lilitoka Houston. Preston Tate alidaiwa dola 425 za tikiti tisa. Hakuwa nazo. Aliambiwa akazitumikie kwenye shamba la wafungwa, dola 5 kwa siku, jumla siku 85. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ilisema kosa ambalo tajiri hulimaliza kwa faini haliwezi kugeuzwa jela kwa masikini kwa sababu tu hana fedha. Huo ndio msimamo wa kitabuni. Ferguson ya miaka 40 baadaye imeonyesha umbali kati ya kitabu na kaunta ya mahakama.

Aprili 11, 2021, Brooklyn Center, Minnesota. Daunte Wright, kijana wa miaka 20, alisimamishwa. Polisi walitaja stika ya usajili iliyoisha muda na kifaa cha manukato kilichoning'inia kwenye kioo. Kwenye kompyuta ikaonekana hati ya kukamatwa. Alipojaribu kurudi garini, askari Kim Potter alipiga kelele kwamba anatumia bunduki ya umeme, kumbe mkononi ana bastola. Risasi ilimpata Wright, akafariki. Potter alitiwa hatiani Desemba mwaka huo kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Wakati huo baadhi ya majimbo yalikuwa yameshaanza kujiuliza kama deni la ada linastahili kukusanywa hivyo. Virginia ilitangulia. Tangu Machi 1, 2021 askari wa huko hawaruhusiwi kusimamisha gari kwa stika iliyoisha mpaka siku ya kwanza ya mwezi wa nne tangu iishe. Na sheria hiyo ina meno: ushahidi uliopatikana kwa kuikiuka haupokelewi mahakamani, hata kama dereva mwenyewe aliruhusu apekuliwe. Philadelphia, mji uleule wa Mimms, ulipitisha sheria yake mwishoni mwa 2021. Inataja makosa manane madogo ambayo peke yake si sababu ya kusimamisha gari, na mojawapo ni usajili uliopitwa kwa siku zisizozidi 60. California ikafuata: kuanzia Julai 1, 2024 hadi mwanzoni mwa 2030, usajili uliopitwa hauwezi kuwa sababu pekee ya kuchukuliwa hatua kabla ya mwezi wa pili baada ya ule ulioisha. Ada za kuchelewa ziko palepale. Kilichoondolewa ni taa za buluu kwenye kioo chako cha nyuma.

Kwa upande wangu naona Virginia wamefanya vizuri kuliko wote, kwa sababu ya kile kifungu cha ushahidi. Sheria inayomkataza askari lakini inaipokea zawadi aliyoipata kwa kuivunja ni mapambo.

Je, wajua kwamba Pennsylvania imeacha kabisa stika tangu mwisho wa 2016? Kamera za kusoma namba hufanya kazi hiyo, na stika zilikuwa zikiibwa. Wizi huo ni wa kweli: katika majimbo yenye stika, wenye magari wazoefu huichana kwa wembe mara tu wakishaibandika, ili mwizi akiibandua itoke vipande.

Kughushi je? Hapo mzaha umekwisha. California, kutengeneza au kubandika stika bandia kwa nia ya kudanganya ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka mitatu. Yaani amekwepa ada, ametafuta kifungo. Texas ilikuwa na tatizo lake la namba za karatasi, zile za muda wanazopewa wanunuzi wa magari. Ziliuzwa mitandaoni kama vocha za simu, na magari yasiyo na mwenyewe yakajaa barabarani. Bunge la jimbo lilichoka. Tangu Julai 1, 2025 karatasi zimefutwa, mnunuzi huondoka na namba ya chuma.

Sasa vuka bahari. Uingereza nayo ilikuwa na kikaratasi chake cha duara kwenye kioo, ushahidi wa kodi ya gari, tangu 1921. Kilifutwa Oktoba 1, 2014 kwa hoja kwamba kompyuta inajua kila kitu. Uchunguzi wa barabarani wa wizara ya usafiri ulikuta magari yasiyolipiwa ni asilimia 0.6 mwaka 2013, na asilimia 1.8 mwaka 2017. Sababu moja ni kwamba sheria mpya ilikataa kodi kuhama na gari linapouzwa: mnunuzi hulipa upya kabla ya kuondoka nalo, na wengi hawakujua. Nyingine, nadhani, ni kwamba kile kikaratasi kilikuwa kikimkumbusha mwenye gari kila asubuhi.

Lakini tazama tofauti ya namna ya kudai. Uingereza kompyuta ya ofisi ya leseni za magari, iliyoko Swansea, hukutumia barua: faini ya pauni 80, nusu yake ukilipa ndani ya siku 33. Gari lenyewe halihitaji kuonekana barabarani. Ukikaidi, gurudumu linaweza kufungwa chuma na gari kuchukuliwa, na mahakamani faini inaweza kufika pauni 1,000 au mara tano ya kodi, ipi ni kubwa. Anayelaza gari lazima atangaze rasmi, na akishatangaza halafu akakutwa analiendesha, faini ni hadi pauni 2,500. Ruhusa pekee ni kulipeleka kwenye ukaguzi uliopangiwa miadi. Ni ukali wa aina yake, lakini hakuna aliyeamriwa ashuke.

Je, wajua kwamba huenda gari lako lina stika iliyoisha muda sasa hivi? Kama uliliagiza kutoka Japani, tazama juu ya kioo cha mbele. Kile kibandiko cha mraba chenye tarakimu ndicho cha ukaguzi wa lazima, unaoitwa shaken, na kinaonyesha mwezi na mwaka wa kuisha, mara nyingi kwa kalenda ya wafalme wa Japani. Gari jipya la kawaida hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miwili. Ukaguzi hugharimu fedha nyingi, na ni sababu mojawapo inayowafanya Wajapani kuachana na magari ambayo kwetu bado ni mapya, yakashuka Mombasa na Dar es Salaam. Huku kibandiko hicho ni urembo. Kwao, kuendesha gari ambalo shaken yake imeisha ni kifungo cha hadi miezi sita au faini ya hadi yeni 300,000, pamoja na leseni kuzuiwa siku 30. Na kwa kuwa bima ya lazima hulipwa sambamba na ukaguzi, mara nyingi zote mbili huwa zimeisha, na makosa yanakuwa mawili.

Turudi Marekani kwa ndugu zetu walioko huko, wa Minneapolis, Houston, Columbus. Kwanza, usajili kuisha si sawa na bima kuisha, ila kamba inavuta upande mmoja: New York, bima ikikatika, usajili huzuiwa, na kuepuka hilo kwa pengo fupi hulipwa dola 8 kwa kila siku ya siku 30 za mwanzo, kisha kiwango hupanda. Pili, fomu ya kuomba uraia, N-400, huuliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa tikiti na mlinzi wa sheria yeyote. Tikiti ya stika haimnyimi mtu uraia. Kuificha ndiko kunakoleta maswali. Tatu, ukihamia jimbo jingine, saa inaanza kuhesabu: California hutoa siku 20 tangu uwe mkazi, Texas siku 30. Usajili wa jimbo ulikotoka, hata ukiwa bado mzima, hautakusaidia.

Na je, wajua kwamba kuna mahali usajili hauishi? Montana humruhusu mwenye gari dogo lenye umri wa miaka 11 au zaidi kulisajili mara moja kwa maisha. Jimbo hilo pia halina kodi ya mauzo, kwa hiyo matajiri wa majimbo mengine hufungua kampuni ya makaratasi huko, kampuni inanunua Ferrari, na Ferrari yenyewe haijawahi kuona theluji ya Montana. Inalala Los Angeles. Polisi wa barabara kuu wa California wameliona hilo. Wana fomu mtandaoni ambapo jirani yeyote anaweza kuandika namba za gari la nje analoliona kila usiku mtaani, na rangi yake, na mahali linapolala. Mpango huo wameupa jina rasmi la CHEATERS, yaani walaghai.